Mieleka ya Maonyesho na Ngoma za Mashindano: Istilahi za Mtindo na Uhusika wa Ulingoni

Utangulizi

Miongoni mwa barua tunazoletewa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, chache ndizo zinazohusu michezo, na katika hizo chache nyingi huuliza juu ya mpira wa miguu. Kwa hiyo hatukuwa tumejiandaa tulipopokea swali fupi kutoka kwa afisa utamaduni mmoja wa Kanda ya Ziwa. Aliuliza hivi: kijana anayetaka kufanya mieleka ya kiingilio katika kituo cha wachimbaji wadogo aandikiwe kibali cha mchezo au cha sanaa? Aliongeza kwamba ombi la kijana huyo lilijaa maneno ya Kiingereza, na kila alipojaribu kuyaeleza kwa Kiswahili aliona neno moja linampeleka ofisi hii na neno la pili linampeleka ofisi ile.

Swali hilo si dogo. Mambo ya michezo katika Tanzania Bara yana Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Mambo ya sanaa yana Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mwandishi wa barua akiandika "mashindano", jalada litaelekea upande mmoja. Akiandika "onyesho", litaelekea upande wa pili. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapokutana na kazi ya utawala. Neno lisilo sahihi huudhi sikio la mwalimu wa lugha, na zaidi ya hayo humpeleka mwananchi mlango usio wake.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kueleza dhana zinazotumika katika kusimulia mtindo wa mwanamieleka na sura anayojivika mbele ya watazamaji. Pili, kupendekeza istilahi zake kwa kufuata utaratibu wetu wa kawaida: kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na baadaye katika lugha nyingine za Afrika, kabla ya kubisha hodi ughaibuni. Utaratibu huo ndio uliotupatia ikulu kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na kung'atuka kutoka kwa Wazanaki. Tutaona kwamba Wasukuma hawa hawa wa Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita wana jambo la kutufundisha katika habari hii pia.

Mkasa wa Geita

Miaka michache iliyopita tulikuwa katika machimbo ya dhahabu ya Geita tukikusanya msamiati wa wachimbaji wadogo. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na katika vituo vya wachimbaji hukutana Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza na watu wa pembe zote za nchi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na ni Kiswahili chenye msamiati mpana wa kazi: karasha la kusagia mawe, mwalo wa kuoshea udongo, na duara, yaani shimo wanaloshukia kufuata mwamba.

Jioni moja tulikuta ugomvi mbele ya banda la video. Ndani ya banda ilikuwa ikionyeshwa mieleka ya Marekani, na mfasiri aliyekuwa akisimulia kwa kipaza sauti alikuwa ametangaza "pambano la kuwania ubingwa wa dunia". Vijana waliotoka duarani na ujira wao waliwekeana dau. Walioshinda walikuwa wamekwisha kuitazama kanda hiyo mahali pengine. Walipofichuliwa zogo likazuka, na katika zogo hilo mzee mmoja aliwaambia kwamba hata kama kanda ingekuwa mpya, mshindi alikuwa amepangwa kabla ya wawili hao kupanda ulingoni. Kijana aliyepoteza fedha zake alimgeukia mfasiri, akamwambia, "Ungetuambia ni ngoma, tungeitazama kama ngoma."

Maneno hayo hatukuyasahau. Kijana hakulalamika kwamba mieleka ile ni ya uongo. Alilalamika kwamba aliambiwa neno ambalo silo. Mieleka ingeweza kumfurahisha kama ilivyo. Aliyemwibia ni neno "kuwania".

Neno mieleka na vivumishi vyake

Mweleka, ambao wengine huuandika mwereka, ni mwangusho mmoja: mtu humkamata mwenziwe na kumbwaga chini. Kupigana mieleka ni kushindana kwa kuangushana. Neno ni letu, tena la zamani, na halina haja ya mbadala. Matata huanza tunapotaka kutofautisha aina.

Kuna mieleka inayochezwa katika Michezo ya Olimpiki, ambamo wachezaji hutafuta pointi na hakuna ajuaye atakayeshinda. Kuna pia ile ya televisheni, ambamo matokeo hupangwa na wachezaji husaidiana ili mapigo yaonekane makali bila ya kuumizana zaidi ya kiasi. Wafasiri wengi wameiita hiyo ya pili "mieleka ya kulipwa", kwa kuiga "ngumi za kulipwa". Kwa maoni yetu uigaji huo una kasoro. Katika ngumi, neno kulipwa humtenga bondia wa ujira na yule wa ridhaa. Wote wawili hushindana kwa kweli. Katika mieleka, tofauti kubwa haiko katika malipo bali katika kupangwa kwa matokeo, na neno kulipwa haligusi jambo hilo hata kidogo.

Historia ya nje inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1957 mwandishi Mfaransa Roland Barthes alichapisha kitabu chenye insha iliyosema kwamba mieleka ya aina hiyo si mchezo wa kushindana bali ni tamasha, na kwamba mtazamaji hajali ni nani atashinda bali anajali anachokiona. Mwaka 1989 wawakilishi wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, World Wrestling Federation, walikiri wenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani na si shindano la kweli la riadha. Walifanya hivyo ili kuondokana na usimamizi na tozo za michezo. Msomaji ataona kwamba swali lililoletwa mbele ya maseneta wa New Jersey ni lile lile la afisa utamaduni wetu.

Kwa sababu hizo tunapendekeza istilahi mbili: mieleka ya ushindani kwa ile ya kwanza, na mieleka ya maonyesho kwa ile ya pili. Neno maonyesho halitukani. Sarakasi ni maonyesho na mtu huvunjika shingo akikosea. Mwanamieleka wa maonyesho huanguka kweli, na mbao za ulingo ni ngumu kweli.

Bagika na Bagalu: ngoma iliyo shindano

Sasa tugeukie Usukumani. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni hivi, huja majira ya mbina, yaani ngoma. Wasukuma wana ngoma nyingi: bugobogobo, iliyotokana na kulima kwa pamoja na huchezwa kwa majembe, wigashe, ambayo jina lake linatokana na kukaa kitako, kwa kuwa waimbaji huketi, na ngoma za vyama vya wachezaji wa nyoka, kama vile Bayeye na Bagoyangi. Lakini juu ya aina hizo zote upo mgawanyo mkubwa wa pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Kwa masimulizi, pande hizo zilianzishwa na waganga wawili hodari wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walibishana juu ya ubora wa dawa zao wakaamua kuupima kwa ngoma.

Utaratibu wa shindano ni huu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji huwa huru kwenda huku na huku. Upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio unaoshinda. Katika sikukuu ya Bulabo, inayofanyika kila mwaka Bujora karibu na Mwanza wakati wa sherehe ya Ekaristi, mtu aliyesimama mahali pa juu huweza kuona umati ukihama kama maji, kwa kuwa upande mmoja umetoa jambo jipya. Jambo hilo jipya huweza kuwa wimbo, mavazi, kuchupa hewani, au chatu mkubwa anayetolewa sandukuni na kuvingirishwa mwilini mwa mchezaji.

Kiongozi wa kundi huitwa manju. Hapa mtafutaji wa istilahi hana budi kutabasamu, kwa maana neno manju limo pia katika Kiswahili sanifu, kwa maana ya fundi wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Elias Songoyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wake wa mwaka 1988 juu ya waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, alionyesha jinsi manju anavyoweza kuwa msemaji wa watu hata mbele ya dola. Manju ana jina la ngomani, ana namna yake ya kuingia uwanjani, ana majigambo na vijembe kwa mpinzani, na ana dawa ambayo haimwambii kila mtu. Ana, kwa maneno mengine, karibu kila kitu alicho nacho mwanamieleka wa televisheni.

Lakini tofauti moja hugeuza mambo yote. Katika ngoma ya Bagika na Bagalu, ijapokuwa kuna mazingaombwe na kiinimacho, mshindi hajulikani mpaka umati umejigawa. Ngoma hiyo ni shindano la haki. Katika mieleka ya maonyesho, ijapokuwa watu wanakabana na kubwagana, mshindi amekwisha kuchaguliwa. Mieleka hiyo ni ngoma. Kwa hiyo mtumishi anayeandika "mashindano ya ngoma" hakosei, na anayeandika "mashindano ya mieleka" kwa onyesho lililopangwa anapotosha, hata kama macho yake yanamwambia kinyume.

Mtindo wa ulingoni

Ili tusiseme hewani, tumchukue mwanamieleka mmoja kuwa mfano. Jake Roberts, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1955, alishiriki katika maonyesho ya World Wrestling Federation tangu mwaka 1986 hadi 1992. Lakabu yake ilikuwa Nyoka, na aliingia ulingoni akiwa amebeba mfuko wenye chatu hai aliyeitwa Damien. Tumemchagua kwa sababu ambayo msomaji wa Shinyanga ameikwisha kuitambua.

Kwanza mahali. Ulingo, kwa asili, ni jukwaa la miti ambalo mlinzi wa shamba huketi juu yake kuwafukuza ndege na nyani. Kwa kupanuliwa maana limekuwa neno la jukwaa la mabondia, na linafaa kabisa kwa wanamieleka. Baadhi ya wafasiri wametumia "pete", ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno na haina sura ya kitu chenyewe, kwani ulingo una pembe nne. Wengine wametumia "duara". Neno hilo ndilo baya zaidi kwa Kanda ya Ziwa: tangazo linalosema kwamba mtu "atapigania ndani ya duara" litamfanya mkazi wa Geita aende kumtafuta shimoni.

Pili mtindo. Neno mtindo litumike kwa namna nzima ya mtu ya kupigana, na neno mbinu kwa kila tendo moja moja. Roberts ana mtindo wa polepole. Havamii, anazunguka, anasubiri, anamwacha mpinzani akose subira, kisha anachomoka mara moja. Mbinu zake ni chache. Mbinu moja ni kumvuta mpinzani kwa mkono na kumkumba kifuani kwa mkono wa pili. Nyingine, iliyompatia sifa, ni kumfunga kabali ya mbele na kujiangusha chali pamoja naye, ili kichwa cha mpinzani kionekane kimegonga sakafu.

Mbinu hiyo ya mwisho inaitwa kwa herufi tatu, DDT. Wakulima wa pamba wa Shinyanga walizijua herufi hizo miaka mingi kama jina la dawa ya wadudu. Tumewahi kuletewa tafsiri iliyosema kwamba mwanamieleka "alimmaliza mwenziwe kwa dawa ya kuulia wadudu". Mfasiri alitafsiri herufi badala ya kutazama tendo. Tunapendekeza kabali ya kuangukia, maana kila aliyeiona ataitambua.

Katika mbinu, Kiswahili cha mitaani kina utajiri ambao ofisi zetu zimeupuuza. Mtoto yeyote anajua kupiga mtama au ngwala, yaani kumkata mwenziwe miguu aanguke. Anajua kupiga kumbo. Anajua kabali, na anajua roba ya mbao, ambayo ni kukabwa shingo kutoka nyuma. Maneno haya yaingie katika orodha kama yalivyo. Mwalimu asiyaone ya kihuni. Yana usahihi ambao fungu refu la maneno ya kitabuni halina.

Neno bwaga linastahili kutajwa peke yake. Mwanamieleka hubwaga mpinzani. Mwimbaji naye hubwaga wimbo, na kutoka katika mzizi huo tumepata kibwagizo, lile fungu la maneno ambalo wote huitikia. Tunadhani si bahati tu. Pigo ambalo mwanamieleka hulitumia kumalizia kila pambano, ambalo watazamaji hulingojea na kulitaja kabla halijatokea, hufanya kazi ile ile ya kibwagizo katika ngoma. Tunapendekeza liitwe pigo la kibwagizo. Wapo wenzetu wanaopendelea "pigo la mwisho", lakini pigo la mwisho ni lolote lililotokea mwisho, hata la bahati. Pigo la kibwagizo ni lile linalojulikana, linalosubiriwa na linalorudiwa.

Uhusika wa ulingoni

Sasa tunafika kwenye dhana ngumu zaidi: ile sura ambayo mtu hujivika mbele ya watazamaji, ambayo si yeye wala si uongo mtupu. Mapendekezo manne yamekwisha kutumika katika maandishi mbalimbali.

La kwanza ni "tabia bandia". Neno bandia lina harufu ya noti za kughushi. Litamfanya msomaji amshuku mtu ambaye hana kosa.

La pili ni nafsineni, linalotumiwa na wahakiki wa ushairi. Neno hili ni zuri mahali pake, lakini limeundwa na nafsi na kunena. Mwanamieleka mashuhuri aliyejulikana kama The Undertaker, aliyeanza kuonekana katika maonyesho hayo mwaka 1990 akiwa na sura ya mfu anayezika wengine, katika miaka yake ya mwanzo alikuwa akisema kwa nadra sana, na mara nyingi wakala wake ndiye aliyesema kwa niaba yake. Nafsineni inayonena kwa nadra ni kichekesho.

La tatu ni "kinyago" au "barakoa". Yote mawili ni majina ya kitu cha kufunika uso, na tangu mwaka 2020 barakoa imewaelekea zaidi watu kama kinga ya maradhi. Kinyago kibaki kwa ajili ya wale wanamieleka, hasa wa Meksiko, wanaofunika nyuso kweli.

La nne ni uhusika, kutoka kwa mhusika wa tamthilia na riwaya. Hili ndilo tunalolipendekeza, kwa umbo kamili la uhusika wa ulingoni. Lina faida ya kubeba mambo yote manne yanayoijenga sura hiyo: lakabu, yaani jina la kupanga, maleba, yaani mavazi na vifaa vya onyesho, majigambo, yaani maneno ya kujitapa na kumkejeli mpinzani kabla ya pambano, na mwenendo, yaani namna ya kuingia, kutazama na kutoka.

Tukiupima uhusika wa Roberts kwa vipengele hivyo tutaona jinsi vinavyofanya kazi. Lakabu: Nyoka. Maleba: suruali ya kubana yenye michoro ya nyoka, na ule mfuko. Majigambo: wakati wenziwe wakipiga kelele mbele ya kamera, yeye alinong'ona, na kwa kunong'ona akawatisha watu zaidi. Mwenendo: baada ya kushinda aliufungua mfuko na kumlaza chatu juu ya aliyelala chini.

Hapa mfasiri wa Kanda ya Ziwa awe na hadhari. Maandishi ya Marekani yanachukulia kwamba nyoka ni alama ya hila na uovu, na kwamba watu wakimwona watachukia. Usukumani mambo hayako hivyo. Mchezaji wa nyoka ni mtu wa heshima. Chama cha Bayeye kinajulikana pia kwa dawa za kutibu walioumwa na nyoka. Mtazamaji wa Shinyanga anayemwona Roberts akimtoa chatu huenda akashangilia ufundi mahali ambapo Mmarekani anazomea ukatili. Tafsiri inayosema tu "akatoa nyoka" imetafsiri maneno ikaacha maana. Inafaa mfasiri aseme pia watazamaji wa huko walifanya nini: "akatoa chatu, na watu wakazomea."

Mshangiliwa na mzomewa

Katika mieleka ya maonyesho kila mhusika amewekwa upande mmoja kati ya miwili. Yupo wa kupendwa na yupo wa kuchukiwa. Wafasiri wametumia "mtu mwema" na "mtu mbaya", au "shujaa" na "adui". Maneno haya yanahukumu roho ya mtu, wakati jambo lenyewe linahusu mapokezi yake.

Hapa ngoma za Wasukuma zimetufungulia njia. Kwa kuwa katika ngoma hizo mwamuzi ni umati, na hapa pia umati ndio unaotoa sauti, tumeona majina yatokane na tendo la umati. Kiswahili kina kanuni hai ya kuunda nomino kutoka katika kauli ya kutendwa: mshtakiwa, mhukumiwa, mteuliwa. Kwa kanuni hiyo tunapata mshangiliwa na mzomewa. Anayezomewa jana aweza kushangiliwa kesho, bila ya kubadili roho yake. Roberts aliingia mwaka 1986 akiwa mzomewa, mwaka 1987 akageuka mshangiliwa, na mwaka 1991 akarudi kuzomewa. Tendo hilo liitwe kugeuka, na nomino yake mgeuko.

Siri ya ulingo

Dhana ya mwisho ni ile kanuni isiyoandikwa kwamba wanamieleka hawatafichua mbele ya watu mambo waliyopatana. Wengine wameiita "udanganyifu", wengine "njama". Njama ni mapatano ya kumdhuru mtu, na hapa hakuna anayekusudiwa kudhuriwa. Manju naye haelezi dawa yake, na hakuna Msukuma anayemwita mlaghai kwa sababu hiyo. Siri ni sehemu ya heshima ya kazi. Tunapendekeza siri ya ulingo.

Hata hivyo hatuna budi kuweka mpaka. Siri ya ulingo inawahusu wachezaji. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali si wachezaji. Wao wanawajibika kwa msomaji, na hasa kwa yule atakayetoa fedha yake kwa kuamini neno lao. Mfasiri wa banda la video anaweza kusimulia kwa madoido yote anayoyaweza, na baadhi yao ni mafundi hasa. Alipoitangaza mieleka ile kama jambo la kuwaniwa, alivuka mpaka huo. Angeweza kusema "onyesho la mkanda wa ubingwa" na banda lingejaa vile vile.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Mwanamieleka: mtu anayecheza mieleka, ya ushindani au ya maonyesho.
2. Mieleka ya ushindani: mieleka ambayo matokeo yake hayajulikani kabla.
3. Mieleka ya maonyesho: mieleka ambayo matokeo yake yamepangwa kwa ajili ya kuwaburudisha watazamaji.
4. Mtindo wa ulingoni: namna nzima ya mwanamieleka ya kupigana.
5. Mbinu: tendo moja la ulingoni, kama vile mtama, kumbo, kabali au roba.
6. Kabali ya kuangukia: kabali ya mbele ambayo mfungaji hujiangusha chali pamoja na mfungwa.
7. Pigo la kibwagizo: mbinu ijulikanayo kwa mtu fulani, ambayo kwa kawaida humalizia pambano lake.
8. Kuugulia: kuonyesha kwa uso, sauti na mwili maumivu ya pigo, yawe makubwa au madogo.
9. Uhusika wa ulingoni: sura anayojivika mwanamieleka, yenye lakabu, maleba, majigambo na mwenendo.
10. Mshangiliwa: mhusika anayekusudiwa kupendwa na watazamaji.
11. Mzomewa: mhusika anayekusudiwa kuchukiwa na watazamaji.
12. Mgeuko: kuhama kwa mhusika kutoka ushangiliwa kwenda uzomewa, au kinyume chake.
13. Mieleka ya kupokezana: pambano la makundi ambalo wenzi hupeana zamu kwa kugusana mikono.
14. Siri ya ulingo: mapatano ya wachezaji ya kutofichua yaliyopangwa.

Ili kuonyesha istilahi hizi zikifanya kazi, tunatoa sentensi chache za mfano: "Jake Roberts, mwenye lakabu ya Nyoka, alikuwa wakati huo mzomewa. Mtindo wake ni wa polepole. Alimngoja mpinzani akose subira, akampiga kumbo, kisha akamfunga kabali ya kuangukia, ambayo ndiyo pigo lake la kibwagizo, akambana mabega chini mpaka mwamuzi akahesabu tatu. Baadaye akatoa chatu mfukoni na kumlaza juu ya aliyeshindwa, na watazamaji wakazomea." Hakuna neno hapo ambalo mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Kahama atashindwa kulielewa, na hakuna linalomdanganya.

Hitimisho

Afisa utamaduni tulimjibu kwamba, kwa kadiri ya maelezo aliyotuletea, kijana yule anaomba kufanya mieleka ya maonyesho, na kwamba neno hilo liandikwe katika kibali na katika tangazo la mlangoni. Uamuzi wa ofisi gani isimamie jambo hilo si wetu. Wetu ni kuhakikisha kwamba kila ofisi inaposoma karatasi inajua karatasi inasema nini.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Huko Mukono nchini Uganda, tangu mwaka 2023, vijana wanaopigana mieleka ya maonyesho juu ya udongo mlaini uliozungushiwa nguzo na kamba wamejulikana duniani kote, na katika Kongo mieleka yenye lakabu, maleba na uganga imekuwa burudani ya miji kwa miaka mingi. Jambo hili linakuja kwetu kutoka kwa majirani, wala halitungoji. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa Shinyanga na Geita walio karibu na ngoma na karibu na mabanda, watuletee maneno wanayoyasikia vinywani mwa vijana, hata kama wanayaona ni ya mitaani. Mcheza kwao hutunzwa, na neno nalo hutunzwa kwao kwanza kabla ya kuja kwetu kusanifishwa.